Skrini ya Kushoto

Mtu akiniletea kompyuta dukani akaniambia "imejiharibu yenyewe," mimi hupandwa na hasira hapo hapo. Kompyuta haijiharibu. Kuna mtu amebonyeza, amemwaga chai, amechomoa waya au amemwachia mtoto achezee. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya meza ile ile, na sijaona hata moja iliyoamka asubuhi ikaamua tu kuwakorofisha watu. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa moja: "Nani ameigusa?" Wateja wengine hukasirika, wakaenda zao kwa fundi mwenye maneno matamu. Waende salama. Tangu utotoni naitwa Pilipili, na jina hilo sijawahi kulikana.

Sasa nisikilizeni jinsi swali hilo hilo lilivyonirudia mwenyewe usoni.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni msahihishaji wa vitabu. Yeye ndiye mtu wa mwisho kukisoma kitabu kabla hakijachapwa. Ndiye anayeiona herufi iliyoruka na neno lililoandikwa mara mbili. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na kitu, na sehemu kubwa aliifanya pamoja na mumewe. Mumewe sote tulimwita Nukta. Ungempelekea kadi ya harusi yako, na kabla ya kukupongeza angekuonyesha mahali nukta ilipokosekana.

Walikuwa na namna yao ya kusahihisha. Shangazi anashika karatasi za mwandishi, anasoma kwa sauti kila kitu kilichomo, hata alama: "Mfugaji avae kofia mkato glavu mkato na viatu virefu nukta." Nukta ameketi kushoto kwake, macho kwenye skrini. Akiona tofauti anasema, "Simama." Wanasimama, wanarekebisha, wanaendelea. Nyumba yao ilikuwa na sauti hiyo kutwa. Binti yao alijua kusema "mkato" kabla hajajua kuomba maji.

Kompyuta yao niliipanga mimi. Niliweka mfumo wa Linux, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na umri wake, na Linux haina makuu, inakubali kukaa hata kwenye mashine iliyochoka. Nikaiunganisha na skrini mbili: ya kushoto, kubwa, mbele ya kiti cha Nukta, ambako kurasa za kitabu zilifunguka, na ya kulia, ndogo, ya Shangazi na barua zake. Ile ya kushoto ilikuwa kuukuu na ilinisumbua sana mwanzoni. Nikahangaika nayo alasiri nzima mpaka ikatii, nikafunga begi langu, nikaisahau. Hiyo ni miaka minne iliyopita.

Nukta alifariki mwaka jana, ghafla, moyo ulisimama. Wiki moja baada ya mazishi binti yao aliniita pembeni. Yeye ni muuguzi, mtu wa maneno machache, na mimi huniita kaka.

"Kaka, ile skrini ya baba iondoe," aliniambia. "Mama anakaa tu anaitazama."

Nikaichomoa, nikaibeba kifuani mpaka dukani, nikaiweka kwenye meza yangu ya kazi. Ilinifaa. Shangazi mwenyewe sikumuuliza, na yeye hakusema neno.

Baada ya miezi miwili Shangazi akapokea kazi tena: kitabu cha ufugaji wa nyuki, kurasa mia tatu na arobaini, kutoka shirika la vitabu lililomtumia kazi miaka yote. Nilishukuru. Nikajiambia, haya, amesimama tena, nami nikarudi kwenye mambo yangu.

Haikupita wiki akanipigia simu.

"Pilipili, ukurasa wangu umepotea. Nilikuwa nao hapa, sasa hamna kitu. Maua tu."

Maua ni ile picha ya nyuma ya skrini, aliichagua mwenyewe. Nikaenda. Nikazima mashine, nikawasha. Ikaamka vizuri, nikafungua kitabu chake, kurasa zikaja. Nikamwambia ni jambo dogo. Nataka mjue siri moja ya ufundi: ukiona fundi anazima na kuwasha, ujue bado hajajua tatizo ni nini. Wote tunafanya hivyo, na mara tisa kati ya kumi inasaidia, ndiyo maana hatuachi.

Mara ya pili niliitwa binti yake akiwepo. Maua tena. Nikaketi, nikanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzimia, na huku nikauliza kwa mzaha, "Haya, Shangazi, safari hii zimekwenda wapi?"

"Kushoto," alisema. "Upande wa mwenzangu. Hata mshale nikiupeleka huko unapita ukingo wa skrini, unazama, unakwenda upande wake."

Mimi na binti yake tukatazamana. Kushoto kwa Shangazi palikuwa na meza tupu, na alama ya mstatili isiyo na vumbi mahali skrini ya Nukta ilipokuwa imekaa. Binti akainama, akajifanya anaokota kitu chini.

Jamani, naapa, maneno yale angeyasema mteja yeyote dukani kwangu ningejua kwa sekunde mbili. Mshale hauwezi kupita ukingo wa skrini kama hakuna mahali pa kwenda. Lakini hayakusemwa na mteja. Yalisemwa na mjane, na mimi nikayasikia kama maneno ya mjane.

Mara ya tatu nilikwenda na hasira, kwa sababu nilikuwa nimeacha kazi za watu. Nikabadilisha waya. Nikasasisha mfumo mzima. Nikafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikapekua kumbukumbu zote za mashine nikitafuta kosa. Hakukuwa na kosa hata moja. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari mkononi.

"Nimeandika kila mara linapotokea," alisema. "Ukipenda soma."

"Baadaye, Shangazi," nilimjibu bila kugeuka. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kunisogezea daftari hilo. Ilikuwa ya tatu.

Nikainuka, nikasema mbele ya binti yake, kwa sauti ya fundi: "Mashine ni nzima."

Binti akanisindikiza mpaka mlangoni. "Una uhakika, kaka?"

"Nzima kabisa. Nimeitazama ndani nje."

"Kama mashine ni nzima," akasema polepole, "basi mgonjwa ni nani?"

Nilikuwa na haraka, nikaondoka.

Mambo yakafuatana. Jirani akamwambia binti kwamba mama yake anaongea peke yake tangu asubuhi, "mkato, nukta, mkato, nukta," mbele ya kiti kitupu. Mhariri wa shirika naye akapiga simu kwa unyenyekevu mwingi: sura ya tano imefika nusu imesahihishwa, nusu haijaguswa, je, mama yuko sawa? Mwanamke huyu hajawahi kurudishiwa kazi tangu nizaliwe. Binti alilia kwenye simu aliponieleza. Kisha akarudi kuwa muuguzi.

"Nimewaona wengi wodini, kaka. Inaanza hivi hivi. Zamani alikuwa anamsomea baba. Sasa anamsomea nani? Jumamosi nakuja kumchukua akae kwangu. Hiyo kazi tutairudisha, na Jumatatu nitampeleka kwa daktari. Nyumba tutaifunga. Wewe uwepo. Akikataa, umwambie tu ukweli, kwamba mashine haina kitu. Wewe atakusikiliza."

Nikakubali. Na ndiyo, ilinikera kidogo, kwamba shangazi yangu ataondolewa nyumbani kwake kwa ushahidi wangu. Lakini ushahidi si ulikuwepo?

Siku mbili kabla, Alhamisi asubuhi, Shangazi akanipigia. Hakulalamika. Alisema tu, "Njoo ukipata nafasi." Sauti yake ilikuwa ndogo, nami nikafunga duka saa ile ile.

Nilimkuta mezani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa, nayo ilikuwa inanguruma taratibu chini yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa."

"Imepoteza ukurasa tena?"

"Sikukuitia mashine. Mashine ni nzima, si ulisema?"

"Nilisema."

"Basi nimekuitia kitu hiki." Akanisukumia daftari. "Mimi nimekisoma mara nyingi na naona kina maana. Lakini mwendawazimu naye akisoma yake huona yana maana. Kisome wewe, mwanangu. Uniambie kama kimeandikwa na mtu mwenye akili timamu. Ukisema hapana, Jumamosi nitakwenda na binti yangu, na sitapiga kelele."

Huyu ni mwanamke aliyebishana na profesa wiki mbili juu ya mkato mmoja, na profesa akasalimu amri. Hajawahi kumwuliza mtu kama yeye yuko sahihi. Leo ananiuliza mimi, niliyemwambia "baadaye" mara tatu.

Nikafungua daftari. Alikuwa amepiga mistari kwa rula, safu nne: tarehe, saa, kilichotokea, sababu. Safu ya sababu ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini. Nyingine zilijaa mwandiko wake ule wa kusimama wima.

*Tarehe 3. Saa nne u nusu asubuhi. Nilitoka kuanika nguo. Niliporudi, ukurasa wa 41 haupo. Maua.*

*Tarehe 9. Saa nane mchana. Nilizungumza na binti yangu kwenye simu, dakika ishirini na tano. Niliporudi, ukurasa wa 58 haupo. Maua. Mshale unapita kushoto.*

*Tarehe 10. Nilikaa kutwa bila kuinuka. Hakuna kosa.*

*Tarehe 12. Nilisinzia kitini. Nilipozinduka, maua.*

*Tarehe 14. Jirani alikuja kuazima sindano, dakika tano. Hakuna kosa.*

Alikuwa ameandika hata siku zisizokuwa na kosa. Msahihishaji ndivyo alivyo. Hataki kukuonyesha makosa tu, anataka ujue na mahali palipo sawa. Nilisoma ukurasa mzima, nikageuza, nikasoma wa pili. Kila palipokuwa na kosa, alikuwa ameinuka kwenye kiti au amelala. Akiinuka dakika tano, salama. Akiinuka nusu saa, maua.

Mashine ile ikikaa dakika ishirini bila kuguswa, inalala. Mimi ndiye niliyeipangia hivyo.

Na mimi kila nilipokuja nilizima na kuwasha. Sijawahi hata mara moja kuiona ikiamka usingizini. Nilikuwa nafuta kosa kwanza, halafu nalitafuta.

"Shangazi, leo umeigusa saa ngapi?"

"Tangu saa mbili sijaigusa. Naiogopa."

Nikaondoa kitambaa. Kwa mara ya kwanza sikuzima. Nikasukuma kipanya kidogo, skrini ikawaka. Maua. Nikapeleka mshale kushoto, ukafika ukingoni, ukapita, ukazama, kama alivyosema tangu mwanzo. Nikaita kidirisha changu cheusi cha amri. Hakikuja. Nikakiita tena. Nacho kilikuwa kimekwenda kushoto!

"Ehee," alisema Shangazi. Neno hilo tu.

Kuna mlango wa nyuma kwenye Linux, ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja picha zote zinaondoka na unabaki na maandishi matupu. Nikaingia huko. Nikaiuliza mashine: una skrini ngapi? Ikajibu bila kusita: mbili. Ya kushoto ndiyo kuu. Mashine ilikuwa inaamini kabisa kwamba pale kwenye meza tupu pana skrini kubwa, na kila kurasa zilipotafuta pa kukaa, ilizipeleka huko kwa heshima, kwa sababu huko ndiko kwenye nafasi ya kwanza.

Ikabaki moja: nani ameiambia hivyo? Nani ameigusa?

Nikafungua mahali panapokaa amri ambazo mashine huzitekeleza kila inapoamka. Palikuwa na faili moja. Mistari sita. Na juu yake, kwa Kiswahili, maelezo ya aliyeiandika: *Skrini ya Nukta haiamki bila hii. Asifute mtu. Pilipili.* Na tarehe, miaka minne nyuma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaikumbuka ile alasiri yote. Skrini kuukuu ilikuwa haishtuki mashine ikiamka, nikaandika amri ya kuilazimisha: ukiamka, usiulize kama ipo, iwashe tu, na uifanye kuu. Nukta alisimama nyuma yangu akanionyesha nimesahau nukta baada ya jina langu. Nikaiongeza. Ilikuwa pale pale, inanitazama. Kumbukumbu za mashine hazikuwa na kosa kwa sababu amri yangu haikuwa na kosa. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, miezi yote hiyo, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa, kwenye skrini niliyoiondoa mwenyewe bila kumwuliza mwenye nyumba.

Nitasema na hili, maana nikilificha halitakuwa simulizi la kweli. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningefuta mistari ile sita, tatizo lingekwisha siku ile, na hakuna kiumbe angejua. Ningesema "nimeirekebisha." Fundi angebaki fundi. Lakini binti yake angekuja Jumamosi na sanduku lake vilevile, kwa sababu ushahidi wangu ungekuwa bado umesimama: mashine ni nzima. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikaondoa kidole.

"Umeona nini?" Shangazi akauliza.

"Nimeona kosa. Akili yako ni timamu, Shangazi. Timamu kuliko yangu."

Alifumba macho kidogo. "Liseme basi hilo kosa."

"Nitalisema Jumamosi mbele ya binti yako. Lile la uongo nililisema mbele yake."

"Haya," akasema, akalifunga daftari lake.

Jumamosi nilichelewa kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimebeba ile skrini kifuani tena na ina uzito wake. Binti alikuwa ameshafika. Kabati la chumbani lilikuwa wazi na tupu, na sanduku la Shangazi limesimama karibu na mlango, limefungwa. Shangazi alikuwa kitini pake, amevaa nguo za safari, mikono mapajani. Hakuwa amembishia mtu.

"Kaka, hiyo tena ya nini?" binti aliuliza, na macho yake yalikuwa makali. "Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana nimwambie ukweli. Nipe dakika ishirini."

"Dakika ishirini za nini?"

"Za mashine kulala. Wewe muuguzi, si unajua kungoja mgonjwa alale?"

Hakucheka. Niliiwasha mashine upya, nikamwomba Shangazi afungue ukurasa aliofikia. Akafungua wa 212, kwenye skrini yake ndogo ya kulia, akasoma kwa sauti mpaka katikati ya sentensi: "Kabla ya kurina asali mkato..." Nikamwambia aishie hapo, asiguse kitu. Tukakaa. Binti alipika chai kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Nadhani hizo ndizo dakika ishirini ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa bila kumfokea mtu. Mwishowe skrini ikazimika.

"Sasa wewe," nilimwambia binti. "Si mimi, si mama. Sukuma kipanya."

Akasukuma. Skrini ikawaka.

"Unaona nini?"

"Maua," alisema. Akasogea karibu. "Ukurasa uko wapi? Nimebonyeza nini? Sijabonyeza kitu!"

"Hujabonyeza kitu," alisema Shangazi kwa upole. "Hata mimi nilikuwa sijabonyeza kitu."

Nikaiweka skrini ya Nukta mahali pake, juu ya ile alama ya mstatili, nikachomeka waya. Ilichukua muda, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha ikawaka, na ukurasa wa 212 ukawa pale, mkubwa, umefunguliwa, kistari kikipepesa baada ya neno la mwisho. Binti akausoma kwa sauti bila kujijua: "Kabla ya kurina asali mkato..." Akaweka mkono mdomoni.

"Zilikuwa zinakuja huku," nilisema. "Kila mara. Upande wa mwenzake, kama alivyotuambia. Na aliyezileta huku si baba yako wala si akili ya mama yako."

Nikamfungulia faili. Nikamsomea ile mistari sita, na maneno ya juu, na jina, na tarehe. Nikamweleza kwa Kiswahili cha mtu asiyejua kompyuta: niliifundisha mashine kwamba Nukta yupo daima, kisha nikaondoa skrini yake nikasahau kuiambia kwamba hayupo. Nikaongeza na lile lililonichoma zaidi. Kila nilipozima na kuwasha, ukurasa uliokuwa wazi huko kushoto, pamoja na masahihisho yote ambayo Shangazi hajayahifadhi, niliufuta kwa mkono wangu. Nami nilikuwa nimemfundisha azime na kuwasha mwenyewe nisipopatikana. Sura ya tano iliyofika nusu kwa mhariri, nusu iliyokosekana niliila mimi.

"Nilikwambia ni nzima," nilimalizia. "Mara tatu alinipa daftari hili, sikulisoma. Nisamehe, dada. Nisamehe, Shangazi."

Binti aliketi chini, sakafuni, na sare yake ya kazi, kwa sababu kiti kilichobaki kilikuwa cha baba yake. "Mama," alisema, "nilikuwa nimeshaongea na daktari. Nilishawaambia kazini kwamba mama yangu... Nilishaliambia hata shirika."

"Utawapigia tena," alisema Shangazi. "Simu si unayo?"

Hakukimbilia kumfuta machozi. Aliitazama skrini ya kushoto, na kwa muda uso wake ulibadilika, nikadhani sasa naye atalia. Akavuta pumzi.

"Hiyo iache hapo hapo," aliniambia. "Kitabu kikae upande huo, mkubwa, mimi macho yangu si ya jana. Barua zikae huku. Na safari nyingine ukitaka kubeba kitu cha nyumba hii, mwenye nyumba yupo, ana masikio."

"Sawa, Shangazi."

"Na huyo jirani, nitamwambia mwenyewe nasoma nini. Aje asikilize, atajifunza kufuga nyuki."

Kisha akachukua daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaliweka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Safu ya nne," alisema. "Niliiacha wazi kwa sababu mimi siandiki nisichokijua. Wewe unajua. Jaza."

Nilihesabu mistari yenye kosa. Kumi na saba. Mbele ya wa kwanza nikaandika: *Pilipili.* Nikaweka na nukta. Mbele ya wa pili nikapiga zile alama mbili za "kama hapo juu," kama afanyavyo kila mtu mwenye haraka.

"Simama," alisema Shangazi.

Binti aliinua uso kutoka sakafuni. Neno lile hakuna aliyelisikia katika nyumba ile tangu mazishi.

"Kila kosa na sababu yake," Shangazi aliendelea. "Nilipoteza kurasa kumi na saba, sikupoteza moja ikarudiwa. Andika."

Nikaandika. *Pilipili.* Nikashuka mstari. *Pilipili.*

"Na mimi, mama?" binti akauliza. "Mimi niandike wapi?"

"Wewe hukugusa mashine," alisema Shangazi. "Wewe ulifunga sanduku. Kalifungue, urudishe nguo zangu kabatini."

Binti akainuka, akaliburuta sanduku mpaka chumbani. Tukasikia zipu, kisha vining'inizio vikigongana kwenye kabati, nguo moja baada ya nyingine. Shangazi akavuta karatasi za mwandishi, akavaa miwani, akaanza kusoma pale alipoachia. Nilipofika mstari wa kumi na tatu mkono uliniuma, nikautikisa, na yeye hakunionea huruma.